Sorry ya Mkurugenzi

Mkurugenzi amefariki. Habari ilinikuta jikoni asubuhi nikikata sukuma wiki, simu ikitetemeka mezani. Lilikuwa kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja shule ya msingi, kundi ambalo huwa kimya mpaka mtu afiwe au auze kiwanja. Mmoja wetu aliandika kwamba mzee mwenye shule ametutoka, na chini yake zikaanza kuporomoka: so sorry, sorry sana familia, sorry wapendwa, sorry kwetu sote. Wengine waliweka na vikatuni vinavyolia. Nilisoma mpaka nikachoka, nikaigeuza simu kifudifudi, nikarudi kwenye mboga zangu.

Sina neno na wafiwa. Watoto wake hawajanikosea kitu, na ningekutana nao njiani ningewapa pole yao kwa mikono miwili. Ila yeye mwenyewe namdharau tangu nikiwa na miaka kumi, na dharau hiyo haijapoa hata kidogo kwa sababu sasa amelala kwenye jeneza. Kilichonikera zaidi ni kwamba walikuwa wanamuaga kwa neno lake mwenyewe. Sijawahi kumjua mtu aliyefaidi neno sorry kama yule bwana.

Tulikuwa tunakaa Lemara, Arusha, vyumba viwili vya kupanga, kuta ambazo mwenye nyumba hakuwahi kuzipiga plasta ingawa mpangaji wake alikuwa fundi ujenzi. Baba yangu, Fundi Anaeli, ni Mmeru wa huko juu ya Tengeru, mtu mrefu, mtaratibu, asiyeonja pombe hata kwenye harusi ya ndugu yake. Jioni alirudi ananukia simenti mbichi, harufu ya ubaridi kama jiwe lililotoka sasa hivi mtoni, nami nilimpokea ndoo yake ya vifaa: mwiko, timazi, pima maji, na mkebe wa chakula ambao daima aliniachia kipande cha ndizi ndani.

Mwaka huo alipata kazi kubwa. Mkurugenzi alikuwa na shule ya Kiingereza upande wa Engutoto, na alikuwa anaongeza ghorofa juu ya madarasa. Baba aliwekwa kuwaongoza mafundi wote, na makubaliano yakawa kwamba mimi nisome pale. Basi nikavalishwa sketi ya bluu na soksi zilizofika magotini, nikaketi darasa la nne, na baba akawa anapanga tofali juu ya kichwa changu. Nilijua mwiko wake. Wenzake waligonga tofali mara mbili, yeye mara tatu. Nilikuwa naandika huku nikimsikiliza, na hakuna mtoto aliyekuwa na raha kama yangu.

Kiingereza tulifundishwa na Madam Glory. Alizaliwa na kukulia hapa hapa Arusha, lakini Kiswahili alikigusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota nguo chafu ya mtoto wa mwenzake. Kiingereza chenyewe, sasa nikikikumbuka, hakikuwa kingi. Kilikuwa maneno machache yaliyofanya kazi usiku na mchana, na neno lililochapa kazi kuliko yote lilikuwa sorry. Ukichelewa, sorry. Ukiangusha chaki, sorry. Ukiwa hukusikia swali, unapandisha sauti mwishoni: sorry? Mwenzako akifiwa na bibi, sorry. Mpishi akitangaza kwamba maharage yamekwisha, sorry. Basi la shule likiharibika na wazazi wakasubiri getini mpaka jua linazama, Mkurugenzi alitoka ofisini akawaambia sorry, wazazi wakacheka kwa heshima na kuendelea kusubiri. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu na madeni, wakifurahi kuambiwa sorry na mtu aliyevaa tai.

Nyumbani ilikuwa tofauti. Nikijikwaa, mama alisema pole, hata kama alikuwa amegeukia moto na hakuona nimejikwaa wapi. Nikimwaga maziwa, pole haikunisaidia. Ilibidi niseme nisamehe, na mama alinyamaza kwanza akinitazama kuona kama ninamaanisha. Nikiwa sikusikia nilisema abee. Kila neno lilikuwa na mlango wake na halikuweza kupitia mlango wa jingine. Mimi, mjinga niliyevaa soksi ndefu, nilimwonea mama huruma. Niliona Kiswahili ni lugha ya watu wasio na uwezo, wanaohitaji maneno matatu kwa kazi ambayo Kiingereza kinaimaliza kwa moja.

Wiki ile baba alikuwa analalamikia mirunda, yale magogo membamba wanayofungia jukwaa la kusimamia mafundi. Iliyoletwa ilikuwa ya zamani, imetobolewa na wadudu, na mingine ukiibinya kwa dole gumba ilitoa unga. Alimwambia Mkurugenzi mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo, tumesimama getini saa ya kutoka, baba ameshika kofia mkononi. Mkurugenzi alisikiliza, akasema ataliangalia, akaniuliza mimi kwa Kiingereza kama nimeshiba chakula cha mchana. Nikajibu vizuri. Akanipapasa kichwa, na suala la mirunda likaishia hapo.

Siku aliyoanguka tulikuwa kwenye zoezi. Nilisikia kishindo kama mbao zimemwagwa kutoka kwenye lori, kisha kimya, kisha mafundi wakiitana. Madam Glory alikwenda dirishani, akachungulia nje. Akasema, "Oh, sorry," kwa sauti ya mtu aliyeona paka amelowa mvua, akatuambia tuendelee na swali la saba. Nikaendelea. Huo ndio ukweli. Baba yangu alikuwa amelala kwenye kokoto chini ya dirisha, paja limevunjika na nyonga imetoka mahali pake, na mimi nilikuwa najaza nafasi zilizoachwa wazi, kwa mwandiko mzuri. Nilikuja kuitwa baadaye, wakati gari lilishaondoka naye.

Alikaa wodini majuma mengi, mguu umevutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Aliporudi nyumbani alikuwa na magongo mawili na shavu limeingia ndani. Na kabla hajarudi, habari nyingine ilikuwa imemtangulia Lemara: kwamba fundi alipanda juu akiwa amelewa. Hatukujua nani aliianza. Tulijua tu kwamba ilitoka kule kule kwenye jengo, na kwamba mirunda mipya, mizuri, ilikuwa imeletwa juma moja baada ya baba kuanguka, na ile ya zamani ikapelekwa jikoni mwa shule, ikapikiwa makande.

Mkurugenzi alikuja kututembelea alasiri moja. Tulikuwa baba, mama, mimi, na mjomba Lazaro, mdogo wake mama, aliyekuwa anauza vitunguu soko la Tengeru na ambaye hakuwa anamwogopa mtu. Mgeni aliingia na Madam Glory nyuma yake amebeba mikate miwili na juisi ya boksi. Nikatoa shikamoo zangu. Alitazama kuta zisizo na plasta, akatazama mguu, akakutanisha mikono yake tumboni kama mtu anayesubiri sadaka ipite.

"Fundi," alisema, "I'm sorry. I'm very, very sorry."

Baba akamshukuru, kwa sababu sijui mtu hujibu nini hapo. Mkurugenzi akaomba sala fupi, akaondoka kabla chai ya mama haijachemka.

Hawajafika barabarani, mjomba alishasimama. Alisema mtu amekiri. Alisema hakuna mtu mzima anayekuja na mikate mpaka nyumbani kwa fundi wake na kusema sorry kama hana kosa, na kwamba sasa aitwe mbele ya wazee aseme hivyo hivyo. Mama alikataa. Yeye aliona mtu ametoa pole, pole ya kawaida ya mgonjwa, na mikate ni ya pole. Wakavutana pale huku baba amefumba macho. Mtoto mdogo angedhani wanagombea neno tu, lakini hata mimi nilielewa kilichokuwa kinagombewa. Kama ilikuwa samahani, basi mirunda ilikuwa mibovu. Kama ilikuwa pole, basi fundi alianguka mwenyewe, na mtaa ulishajua kwa nini.

Baba alifumbua macho akauliza swali moja. Aliuliza kwa nini Mkurugenzi hakusema kwa Kiswahili, maana anakijua.

Hakuna aliyemjibu isipokuwa mimi. Nilimwambia ni kwa heshima, kwamba mambo makubwa husemwa kwa Kiingereza, na kwamba wasigombane kwa sababu yameisha: shuleni ukishasema sorry, Madam anakuambia kaa chini.

Mjomba akaenda kwa Mzee Elisa, mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Mzee Elisa alikuwa mtu mwema na mwoga, mchanganyiko ambao nimekuja kuuona mara nyingi tangu wakati ule na sijawahi kuona umemsaidia mnyonge hata siku moja. Benchi nne za mbele kanisani zilikuwa zimetolewa na Mkurugenzi. Kwa hiyo kikao kilipopangwa, hakikupangwa kanisani wala nyumbani kwetu. Kilipangwa shuleni kwake, Jumamosi mchana, ndani ya darasa langu. Wazee watatu walikunja magoti yao kwenye madawati ya watoto. Baba alikalishwa kiti cha plastiki karibu na mlango. Mkurugenzi alikaa kiti cha mwalimu, na Madam Glory alisimama ubaoni kama ana kipindi. Mimi nilikuwepo kwa sababu baba aliniegemea bega alipotembea, na mama alinivalisha sare kwa kuwa ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo.

Baba alisema kwa kifupi. Hakuomba kitu. Alitaka Mkurugenzi aseme mbele ya wazee kwamba aliambiwa kuhusu mirunda, mara mbili, ili watu wajue kwamba fundi hakuwa amelewa. Basi.

Mkurugenzi alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande. Alisema anamheshimu sana fundi. Alisema yeye hakumkimbia mtu, alikwenda mpaka nyumbani, akatoa pole kama Mkristo, akasali. Mjomba Lazaro akadakia kwamba hukutoa pole, bwana, ulisema sorry, na sorry ni samahani, tulikuwepo wote tukasikia. Mzee Elisa aliwatazama huyu na huyu kama mtu anayetafuta mahali pa kuvukia barabara. Ndipo Mkurugenzi akageuka, akaniona.

"Tusibishane wakati mtaalamu tunaye hapa," alisema. "Upendo, stand up."

Nikasimama, mikono nyuma, kidevu juu. Aliniuliza kwa Kiingereza tunamwambia nini rafiki yetu akianguka. Nikajibu kwa sentensi kamili, maana Madam Glory alikuwa hataki majibu ya neno moja, kwamba rafiki yetu akianguka tunamwambia sorry. Akarudi kwenye Kiswahili, Kiswahili safi kabisa, ili wazee wasikose kitu.

"Na ukimwambia sorry, ni kwa sababu wewe umemwangusha?"

"Hapana, sir. Ni kwa sababu ameanguka."

Nilijua pia kwamba ukichelewa unasema sorry, na ukivunja kitu cha watu unasema sorry. Hakuniuliza hayo, na mimi sikuwa mtoto wa kujibu swali ambalo halijaulizwa. Tulikatwa alama kwa hilo. Nilimwona Madam Glory akitabasamu. Mzee mmoja akapiga makofi, wenzake wakamfuata, makofi ya kweli, ya watu walioshushiwa mzigo. Mzee Elisa alisema mtoto ana akili na kwamba Mungu amemtumia kuleta amani. Wakasali. Mkurugenzi akafungua kabati la darasa, akatoa kamusi mpya yenye jalada gumu, akanikabidhi mbele yao kama zawadi ya mwanafunzi bora. Ilikuwa inanukia gundi. Niliibana kifuani njia nzima.

Mjomba Lazaro alitembea mbele yetu anaongea peke yake kwa Kimeru, maneno ambayo mama asingependa niyajue. Mara moja aligeuka akaninyooshea kidole, ila baba akamzuia.

"Mwache," alisema. "Amejibu alichofundishwa."

Nilichukua hilo kuwa sifa. Nililala na kamusi chini ya mto.

Mambo yaliishaje nitayasema kwa haraka, kwa sababu hayana utamu. Ghorofa lilikamilika kwa mikono ya mafundi wengine, likazinduliwa kwa utepe na keki. Baba hakuitwa tena kwenye jengo lolote mjini. Waliokuwa wakimpigia simu waliacha, na wawili waliokuja nyumbani walikuja kunusa pumzi yake. Mwisho wa muhula nilitolewa pale, nikapelekwa shule ya serikali, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na baadaye tulirudi Tengeru kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo, ambako baba analima nyanya mpaka leo, anachechemea, na anaongea na miche yake kwa adabu kubwa. Mkurugenzi alifungua shule ya pili. Alipewa cheti cha hiki na ngao ya kile, akanenepa, akazeeka, na kila mwaka alisimama kwenye mahafali akawaambia wazazi, chini ya kuta alizojengewa na watu kama baba, kwamba elimu ni mwanga. Hakuna lililompata. Kama kuna mtu anasubiri nimwambie kwamba lilimpata, sorry.

Lakini kuna alasiri moja, juma la mwisho la muhula ule, ambayo siwezi kuipita haraka. Mapumzikoni msichana tuliyekaa naye dawati moja aliniambia, bila ubaya wowote, akila karanga, kwamba baba yangu alianguka kwa pombe, Mkurugenzi amesema, na kwamba hata mimi nilikubali mbele ya wazee. Nilimwambia sikukubali kitu, niliulizwa maana ya neno. Akaniambia ndiyo hilo hilo. Akanimegea karanga. Nilisimama pale na karanga mkononi, na polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu, nikaelewa nilichofanya.

Nilifika nyumbani nikachukua kamusi. Nilikuwa nimeipenda mno kiasi kwamba sikuwa nimeifungua ipasavyo, nilikuwa nainusa tu. Ilikuwa ya Kiingereza kwa Kiswahili. Nikatafuta neno lenyewe, nikalikuta, nikatoka nalo nje kwa baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, magongo yameegemea ukuta, ananyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo, kazi ya kumpa mtu ambaye hana kazi.

"Baba, kuna namba mbili," nikamwambia.

Akaniuliza namba mbili ya nini. Nikamsomea. Namba moja: mwenye huzuni kwa jambo lililompata mtu, pole. Namba mbili: mwenye kujuta kosa alilotenda, samahani. Nilipofika hapo nikaanza kulia. Nilimwambia nilikuwa naijua hata kabla ya kamusi, ila hawakuniuliza, na kwamba mjomba alikuwa sahihi, na kwamba kesho niende kwa Mzee Elisa nikamsomee. Nilimwambia nisamehe, baba. Nilisema kwa Kiswahili bila kufikiri.

Aliweka nyundo chini, akanivuta nikakaa kwenye paja lake zima.

"Hata ungewasomea namba mbili kutwa nzima, yeye hakuja nayo," alisema. "Nilimtazama machoni siku ile na mikate yake. Alikuja na namba moja tu, na hata hiyo ilikuwa nusu."

Akanipangusa uso kwa kiganja chake, kigumu kama ubao. Kisha akaniuliza ziko ngapi kwa jumla. Nikamwambia ziko nne. Akasema endelea, mama, soma.

Namba tatu ilikuwa ya mtu ambaye hakusikia vizuri, anaomba arudiwe. Baba akatikisa kichwa. Alishamrudia mara mbili yule. Namba nne ilikuwa na maneno matatu, nikayasoma moja moja kwa sababu mawili sikuyajua: duni, hafifu, cha kusikitisha. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akatazama misumari yake.

"Na lile neno la mbele alilosema," akaniuliza, "lile I'm. Maana yake nini?"

"Mimi ni."

"Mimi ni," alisema baba. "Basi tumemwonea bure. Alikuwa anajitambulisha."

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa yeye alikuwa ameshaanza kucheka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu aanguke, kinatoka chini kabisa, mkono mmoja umeishika nyonga kwa sababu kilikuwa kinamuumiza na hakuweza kukizuia. Nami nikacheka, kamasi na machozi bado vipo usoni, tukashikana pale kwenye kigoda. Mama akaita kutoka jikoni, anauliza kuna nini huko nje.

"Hakuna kitu," baba akamjibu. "Mtoto ananisomea."